Mizizi Iliyokatwa Ijumaa

Mdomo wangu hauna breki, na pale kitaluni kila mtu anajua. Ndiyo maana asubuhi ile niliponyamaza, hata Mutai, kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi, alishangaa.

Tulikuwa na misprusi sitini, miti ya Krismasi ya kweli, iliyoletwa kutoka Ulaya ikiwa midogo. Tuliilea miaka mitatu ndani ya grinihausi yenye mashine za kupoza hewa, huku nje Doha inachemka. Haya yalikuwa mauzo yetu ya kwanza. Lori la hoteli lilikuwa lije saa nne kuichukua yote, na mudir, yaani meneja wetu, alikuwa moto wiki nzima. Nami nilikuwa na wasiwasi wangu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na karatasi ya kuurefusha ilikuwa mezani kwake, haijatiwa sahihi.

Niliingia saa moja asubuhi nikasikia kitu kikikwaruza chini ya viatu. Zilikuwa sindano za kijani, ndiyo majani ya msprusi, zimetapakaa sakafuni. Nikavuta tawi la mti wa karibu, sindano zikanibaki kiganjani. Nikavuta la mti wa pili, mambo ni yaleyale. Nikainamisha chungu nikatazama chini. Mizizi yote iliyokuwa imetokeza kwenye matundu ilikuwa imekatwa sawasawa, kazi safi kabisa. Niliijua kazi hiyo, maana mimi ndiye niliyeifundisha.

Mimi ni wa Kinale, kule Kenya. Nimekulia kwenye kitalu cha saiprasi cha akina mama. Mche ukiwa kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki, na mzizi ukachungulia chini, unakata, la sivyo unazama ardhini na siku ya kuuhamisha unakufa. Mama yangu alimwita mvivu yeyote aliyeacha mzizi. Kwa hivyo Alhamisi moja, wiki mbili nyuma, nikijiandaa kwenda kanisani kesho yake, maana hapa Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, nilimwambia Mutai: "Kesho uko zamu peke yako. Mzizi wowote ulioingia mchangani, kata. Nisikute hata mmoja."

Job Mutai akatoa kijitabu mfukoni akaandika. Alikuwa na mwezi mmoja tu kitaluni na kila nililosema aliliandika. Nilikuwa nikimcheka, namuuliza kama anaandika Biblia yake.

Nilichosahau ni kwamba mche wa nyumbani ukishakatwa mizizi hukaa kivulini, ukapona, ukangojea mvua. Hii miti ilikuwa mirefu kunishinda, na maji ilikuwa ikinywa kutoka kwenye ule mchanga uliolowa chini ya vyungu. Mizizi ile ndiyo iliyokuwa midomo yake. Nilipita nikivuta matawi mstari kwa mstari. Miti thelathini na minane ilikuwa inapukutika.

"Anti Shiru," Mutai aliniita kwa sauti ya chini. "Ni ile mizizi?"

"Nyamaza kwanza. Lete fagio."

Ujinga gani huo, kufagia. Lakini tulifagia, na nyuma yetu sindano zikaendelea kuanguka.

Mudir aliingia saa mbili na nusu. Alitikisa mti mmoja, akatikisa wa pili, akainamisha chungu. Alipoinuka uso ulikuwa umembadilika.

"Nani amekata hii mizizi?"

Nilijua vizuri kitakachofuata. Mutai alikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio, na mtu wa majaribio akiharibu hurudishwa kwao bila maswali. Alikuwa amesimama miaka miwili juani akilinda maegesho ya magari kabla ya kupata kazi hii. Nikisema ni mimi, ile karatasi mezani inachanwa. Mutai alinitazama mara moja tu. Nami nikageuka nikatazama kipimajoto ukutani.

"Ni mimi, bosi," Mutai akasema.

"Nani alikuambia ukate?"

Mkono wake ulienda kwenye mfuko wa shati, kilipokaa kijitabu, ukaishia hapo. "Hakuna mtu. Niliamua mwenyewe."

Mudir hakupiga kelele. Alimwambia dereva ampeleke chumbani kwake, mtaa wa Al Mansoura, akafunge virago, tiketi itatafutwa leo. Kisha akapanda ngazi kwenda ofisini kuipigia hoteli simu.

Nilimfuata Mutai hadi mlangoni. Gari lilikuwa limeshawashwa. Akanipa kijitabu.

"Baki nacho, Anti. Kuna saa zote za kumwagilia maji."

"Kwa nini hukusema?"

"Binti yako Stacy amebakisha mwaka mmoja amalize unesi. Si umeniambia kila siku?"

Akaingia garini, huku dereva akiwa bado kwenye simu. Nilifungua kijitabu nikitafuta ile Alhamisi. Ilikuwepo Jumatano, halafu Jumamosi. Katikati karatasi ilikuwa imechanwa taratibu, hata uzi wa kijitabu haukulegea. Alikuwa ameichana mapema, pengine tulipokuwa tunafagia, ili usipatikane ushahidi wa kunilaumu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Mtoto wa watu alikuwa amenikinga, na mimi mzima na meno yangu nilikuwa nimetazama ukuta.

Nilichukua kalamu nikaandika kwenye ukurasa mtupu: Alhamisi. Shiru alisema, kesho kata mizizi yote, nisikute hata mmoja. Nikatia sahihi. Nikapanda zile ngazi na kukiweka kijitabu mezani, juu kabisa ya karatasi yangu.

Mudir alikigeuza huku na huku. Hajui Kiswahili.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno, hadi kwenye jina langu. Kisha akaenda dirishani, akampungia dereva mkono azime gari.

Akarudi, akaketi, akaivuta ile karatasi kutoka chini ya kijitabu, nami sikujua kama ataitia sahihi au ataichana.