Walimjibu Amina

...kwa sababu Baba hakosi kupokea simu, hata akiwa na mbuzi atapokea akihema, na Dinah, mwiko wa wali mkononi, alipiga tena kwa mkono wa pili, akaambiwa tena mteja hapatikani, labda chaji imeisha, ile sola yake imezeeka kama yeye, labda ameiacha kitandani akatoka... "Dada, nyama ya mafuta usiniwekee," alisema Festus bila kuinua macho, ndugu yake huyo, anacheka na video, na Cynthia mkewe anaipiga sahani picha, na Shanice, binti yake Dinah wa kumzaa, masikio ameyaziba kwa spika za muziki, watu wa damu moja meza moja hapa Voi, Jumapili, wametoka kanisani, na kimya kama cha matanga... tangu lini? tangu walipomnunulia Baba simu ya kugusa, Krismasi ile, wakasema sasa mzee hatakuwa mpweke kule Marungu, na kweli kila asubuhi sauti yake iliingia kwenye grupu la familia, baraka ya siku, ndefu, kikohozi katikati, nao Amina, Amina Baba, mikono ya kusali, na Marungu hakuna aliyekwenda tena, ya nini, si tunaongea kila siku... leo pia ilikuja wakiwa kwenye ibada, Dinah akaandika Amina, simu kaificha chini ya benchi, Festus Amina, Cynthia akatuma mioyo... lakini aliisikiliza? Hapana. Nani aliisikiliza? Akabonyeza, akaibandika simu sikioni, kikohozi kilikuwepo, baraka haikuwepo, "Dinah mwanangu, Festus, nimeanguka huku shambani, mguu hauinuki, ndovu wameangusha ua, wako ndani ya mahindi, naona migongo yao, sina salio la kupiga, nimebaki na bando tu, mpigieni Kitheka jirani aje na watu, msichelewe," kisha kuhema, kisha kitu kikubwa kikavunjika, si mbali... na chini ya sauti hiyo, zimejipanga, Amina, Amina Baba, mioyo, na tiki za ile Amina yake mwenyewe ni buluu, buluu, maana yake Baba naye alizisoma, alilala mchangani akazisoma moja moja, nao wakati huo walikuwa wanaimba, walipiga makofi, Mungu wangu, walipiga makofi... nambari ya Kitheka, hana, Festus anayo, "Festus," alisema, au alidhani amesema, kwani Festus hakugeuka, na alipotazama chini akaona kidole chake mwenyewe kimeliandika jina hilo kwenye grupu, kwa mtu ambaye mkono ungemfikia... na hapo ndipo alipoiona nyingine, sauti fupi, Baba aliituma baada ya Amina zao, hakuna hata mmoja aliyeijibu, akabonyeza, na Baba hakulia wala hakuita mtu, alisema polepole, kama mzee anayewasindikiza wageni wenye haraka, "Haya, asanteni wanangu. Na nyinyi mbarikiwe," nyuma yake mabua yakikatika, yakikaribia, mpaka sauti ikakoma, na mezani vijiko viligonga sahani, vichwa vimeinama vilevile, na Dinah akajua hatangoja viinuke, yowe lilikuwa limekwisha kumfika kooni.