Nilikwenda Kuteguliwa

Mimi Mayala ni mtu wa kuropoka, kila mchimbaji wa upande huu wa Bulyanhulu anajua. Ila kuna jambo nililifungia mdomo miezi minne: uvimbe kwenye korodani yangu ya kushoto, mgumu, kama punje ya mahindi, usiouma hata kidogo. Ungeuma ningekwenda hospitali. Ugonjwa usiouma, huku kwetu, una mwenyewe.

Na mwenyewe nilimjua. Donatus ndiye aliyenishikia kamba nikishuka duarani, shimo letu la dhahabu, mita arobaini chini ya ardhi, miaka sita bila kuniachia hata siku moja. Mke wake anaitwa Aneth. Niseme tu ukweli: nililala na Aneth mara mbili, Donatus alipokwenda Maganzo kumzika baba yake. Simsingizii shetani. Nilikuwa mimi na tamaa zangu.

Huku mume akimshuku mkewe humtegea mgoni dawa. Ndilo tego, nalo humshika mtu palepale alipokosea. Kuliondoa ni kwenda kwa mwenye mke, ukiri kwa mdomo wako, naye akutegue. Nimesikia ya walioona haya, wakazikwa. Kila nikioga nilijipapasa, na ile punje ya mahindi sasa ilikuwa harage. Niliogopa kufa, sina haja ya kujikaza kiume hapa.

Jumapili nilimkuta Donatus nyuma ya nyumba, anafua ovaroli yake. Nikapiga magoti kwenye maji ya sabuni.

"Kaka, nitegue. Nimekoma. Ilikuwa mara mbili tu, mimi na Aneth, ulipokuwa msibani. Tego lako limenishika."

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Kisha akaelewa.

"Mayala," akasema polepole, "mimi sijatega kitu. Sikujua."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikamua ovaroli, akaianika, akaiweka sawa kila mguu.

"Limekushika wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Nenda hospitali," akasema. "Na duarani kwangu usikanyage tena."

Shinyanga mjini nilipimwa na daktari mwanamke, umri wa mama yangu. Nilitaka ardhi inimeze. Akaniuliza mbona nimechelewa, nikasema niliona aibu.

"Mficha uchi hazai, baba," akasema, wala hakutabasamu.

Alinieleza bila kuzunguka. Uvimbe ule haukumpendeza. Korodani ingetolewa, ikapimwe, na kwa alivyoona nilikuwa bado na nafasi nzuri ya kupona. Nikashukuru. Halafu akavuta fomu.

"Nani atakuuguza wodini? Utahitaji mtu wa kukushika ukienda chooni, wa kukuletea uji."

Wazazi wangu walishatangulia, mke sina. Namba ya simu niliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja. Niliitaja kabla sijafikiri. Daktari akapiga palepale, simu ikiwa mezani, sauti nje, akaeleza mgonjwa ni nani na anahitaji nini.

Donatus alimsikiliza daktari mpaka mwisho.

"Siku gani?" akauliza.

"Alhamisi."

"Nitakuja," akasema. "Ila mwambie asinisalimie."