Trekta Lisilo na Klachi

Sekela alifika shambani kwa Mwalimu Felicitas, Goba ya juu, siku mbili kabla trekta la bluu halijarudishwa kwa aliyeliuza. Habari za trekta hilo alizipata kwa dada yake, aliyekuwa akifuata mchicha pale. Trekta dogo la Kijapani, mtumba. Huhangaiki na klachi kila unapobadilisha mwendo. Unakanyaga pedeli moja kwa mguu wa kulia, linaondoka. Dada yake alisimulia kama kichekesho. Sekela hakucheka. Aliuliza njia ya kufika.

Miaka kumi na mmoja alilima mashamba ya mpunga kwa trekta kule Mbarali. Kisha, alipohamia mjini, pikipiki ilimgonga Kimara. Goti la kushoto likawekwa vyuma, likagoma kukunjika, na goti lisilokunjika halikanyagi klachi. Tangu hapo aliuza vitenge Mwenge, na kule kukaa kutwa nzima kulimchosha kuliko shamba lolote.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umefuata mboga?”

“Nimefuata trekta.”

Felicitas, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliutazama mguu ule usiokunjika. Akamwita Anwar, fundi wake na dereva wa trekta lake la zamani, lile kubwa la gia.

“Dada yangu, utapoteza siku yako bure,” Anwar alisema. “Lile, injini inasukuma pampu, pampu inasukuma mafuta, mafuta ndiyo yazungushe matairi. Nguvu yote inaishia njiani. Nimelifungia plau nikalipandisha kilimani, likapiga kelele, likachemka, likasimama.”

“Uliliwekea mafuta gani?”

Anwar alijikuna shingo. “Yaliyokuwepo.”

“Ya injini?”

“Mafuta si mafuta tu, sista?”

Sekela alilisogelea trekta, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa meusi, yamejaa povu. “Mwalimu, hili lina mafuta yake na chujio lake. Tubadilishe, halafu nijaribu mimi.”

“Na likishindwa baada ya mie kununua hayo mafuta?”

“Nitakuwa nimekukosea, na nitakuambia hapahapa, mbele ya Anwar.”

Kesho yake asubuhi mafuta yalikuwa yameletwa. Anwar mwenyewe ndiye aliyefunga chujio jipya, kwa uangalifu. Sekela akaushika usukani, akajivuta juu, akaunyoosha mguu wake wa kushoto pembeni. Akakanyaga pedeli taratibu. Trekta likateleza mbele bila kushtuka. Akakanyaga upande wa nyuma wa pedeli hiyohiyo, likarudi. Mbele, nyuma, mbele. Akajifanya anakagua taa, wasimwone uso.

Kisha akaelekea kilimani na plau.

Ule mlio wa mwanzo haukusikika tena. Lakini plau lilipozama udongoni, injini ilianza kunguruma kwa taabu, matairi yakapunguza mwendo. Akalinyanyua plau kidogo, likavuta. Akalishusha, likazidiwa. Alijaribu mwendo wa chini kabisa, akajaribu kukata mteremko kwa upande. Hakufika hata katikati ya kilima, harufu ya mafuta ya moto ikampanda puani. Hakusubiri lizime. Alinyanyua plau, akageuza, akateremka hadi alipokuwa amesimama Felicitas.

“Halilimi, Mwalimu. Anwar alikosea kwenye mafuta. Kwenye kulima hakukosea.”

Anwar, aliyekuwa amejiandaa kucheka, aliinamisha macho.

“Basi,” Felicitas alisema. “Nitampigia muuzaji.”

“Mpigie jioni. Ile mbolea nyuma ya mabanda ya kuku inaondolewaje?”

“Kwa koleo. Trekta kubwa halipati pa kugeuzia.”

Sekela alishuka, akaomba plau lifunguliwe na kijiko cha mbele cha kuchotea kifungwe. Akaingia uchochoroni nyuma ya mabanda. Akachota, akarudi nyuma, akamwaga kwenye trela, akarudi mbele. Injini ilibaki kwenye mlio uleule. Mguu wa kulia peke yake ndio uliokuwa ukiamua mwendo. Saa nne ilimkuta humo. Saa sita jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, na goti bovu lilikuwa linauma kwa mtikisiko tu. Aliletewa chai, akainywa akiwa juu ya kiti. Anwar alikuja kusimama pale, akatazama muda mrefu.

“Mie pale ningekuwa nimekanyaga klachi mara mia tatu,” alisema.

“Ndiyo maana naliulizia.”

Alasiri rundo lilikwisha. Akafunga rotaveta, akaingia kwenye matuta matupu ya mboga, akienda polepole kuliko mtu anayetembea, visu vikizunguka kwa nguvu zote na kuacha udongo laini kama unga.

Felicitas alimfuata mwisho wa tuta. “Sasa niambie ubaya wake. Uzuri nimeuona.”

“Linakunywa dizeli zaidi kuliko la gia kwa kazi ileile. Mafuta ya pampu yakichafuka, umelipoteza. Na pampu ikiharibika, fundi wa kuifungua utamtafuta mpaka uchoke. Nikilishika mie, hakuna mtu wa kulitia mafuta bila kuniuliza, na plau halifungwi tena nyuma yake.”

“Unanipa masharti kwangu?”

“Masharti ni ya trekta, Mwalimu. Mie nataka kazi.”

Felicitas akasema, “Jumatatu, saa moja kamili. Ukichelewa nitakuandika.”

Jumatatu Anwar alilima kilima kwa trekta kubwa. Sekela alisimamisha la bluu ukingoni akaangalia udongo ukipinduka, ule mweusi wa chini ukija juu. Kazi ile alikuwa anaipenda kuliko zote, na safari hii alijua kabisa kwamba hataifanya tena. Ilimuuma. Aliiacha imuume mpaka Anwar alipofika mwisho wa mstari na kugeuza, kisha akakanyaga pedeli, akaingia kwenye matuta ya kupandia bamia, maana yalikuwa kumi na manane, na mvua ilikuwa karibu.