Mama Mkwe Ameshika Friji

Mama Evelina alitoka Misungwi na mbuzi mmoja na swali moja. Mbuzi alikuwa zawadi. Swali lilikuwa kama bintiye Justa ameolewa na mtu mwenye akili, au arudi nyumbani. Maana Luhaga, mkwe wake, alikuwa ameuza ng'ombe akanunua jenereta. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, kila mtu alifungua duka, lakini soda ya baridi wakati wa mgao wa umeme, watu wa mtaa wa Pasiansi waliipata kwa Luhaga. Mama mkwe hakujali soda. Ng'ombe huzaa, alisema. Jenereta limezaa nini?

Basi Luhaga alipiga deki sakafu ya duka hadi ikang'aa, kisha akamsalimu kwa mbali, macho chini. Mkwe na mama mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo linalonguruma ndiyo ng'ombe wenu?"

Justa akampeleka mbuzi nyuma, akamfunga kwenye chuma kilichochimbiwa kando ya jenereta. Fundi alikiweka pale na waya wake ili umeme ukipotea njia uteremkie ardhini, usimtafute mtu. Lakini ukishika kamba ya mbuzi na ukaona chuma kimesimama, utauliza maswali ya nini?

Kiu ikambana Mama Evelina. Akavua viatu asichafue sakafu iliyolowa, akaenda mwenyewe kwenye friji, akashika mlango.

Hakuuachia. Yalianza mabega, kikafuata kiuno, kisha mwili mzima, na kwa kuwa redio ilikuwa inapiga dansi, wateja wakashangilia.

"Cheza mama! Misungwi oyee!"

Luhaga akatupa jicho dirishani. Mbuzi alikuwa anapita zake barabarani, anaburuta chuma, na kipande cha waya kinamfuata.

"Umeme!" akapiga kelele.

"Mshike mama!" Justa akalia.

"Simshiki! Na wewe usimguse! Mtu asimguse!"

"Mama anakufa, wewe unaleta adabu za ukwe?"

Luhaga aligeuka akatimua mbio kupitia mlango wa nyuma, na duka zima likashuhudia mwanaume mzima akimkimbia mama mkwe. Huko nyuma akazima jenereta. Redio ikanyamaza. Mama Evelina akaachia mlango, akakaa puu juu ya kreti, kilemba kimemfunika jicho moja.

"Yuko wapi aliyenikimbia?" akauliza alipopata pumzi.

Luhaga akaja. Akaeleza kwamba anayemshika mtu aliyenaswa na umeme hunaswa naye. Kwanza unauzima unakotoka. Justa hakutaka kusikia. Machozi ya hasira yalikuwa yanamtoka.

"Na ingekuwa mimi, ungenishika?"

Kila mteja alijua jibu linalotakiwa. Luhaga naye alilijua, tena alimpenda mkewe kupita kiasi, na uongo haukumtoka.

"Nisingekushika," akasema. "Ningekimbia vilevile."

Justa akajifunga khanga kiunoni. "Mama, inuka twende Misungwi."

Mama Evelina akakiweka sawa kilemba chake taratibu.

"Wewe kaa hapa," akasema. "Baba yako angenishika. Sasa hivi ungekuwa yatima wa wote wawili."