Mwiko wa Saruji

Hakuna ukuta uliowahi kumshinda Fundi Plasta. Lakini Jumamosi hiyo, nusura kuku amwaibishe mbele ya dada yake.

Dada mtu aliingia saa nane mchana na begi tupu. Tangu mke wa Fundi aende masomoni, miezi miwili sasa, binti yao Kipusa alikuwa akila wali ulioungua na mayai, kesho yake mayai na wali ulioungua. Shangazi mtu alikuwa amechoka kusikia habari hizo.

"Mtoto naondoka naye," alisema. "Mpaka mama yake arudi."

"Dada, leo tunakula kuku wa ndoo. Napika mwenyewe."

Yaani wale kuku wa mgahawani wanaouzwa kwenye ndoo ya karatasi, wenye ganda la mikunjomikunjo linalolia ukiliuma. Dada mtu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe mwiko wako ni wa saruji! Wa jikoni tuachie wenyewe. Haya, pika. Nikimaliza kipande bila kukunja uso, begi hili halibebi nguo hata moja."

Kipusa alishika shati la baba yake kwa nyuma, akalikaza.

Fundi alichovya paja kwenye unga, akalitumbukiza kwenye mafuta. Ganda likabanduka lote, likaelea kivyake, paja likabaki uchi kama limetoka kuoga.

"Nguo zake ziko wapi?" dada aliuliza.

Fundi aliingiwa na hofu ya kweli. Nyumba bila Kipusa hakutaka hata kuifikiria. Akainamia sufuria, akaikagua kazi yake kama anavyokagua ukuta ulioharibiwa na fundi mwingine. Plasta imebanduka. Na plasta hubandukia nini? Ukuta mkavu, uso laini, na haraka.

"Kumbe!" Akajipiga paja, la kwake safari hii.

Alilowesha vipande kwenye maziwa mgando yenye chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu. Unga nao akaunyunyizia matone ya maziwa yale yale, akaufikicha mpaka ukawa chengachenga, sawa na ile rafu anayoirusha ukutani ili plasta ipate pa kushika. Akaukandamiza kwenye kila kipande kwa kiganja, akavipanga kwenye sinia. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja ukuta unywe."

Alingoja nusu saa nzima, dada akisonya. Halafu mafuta yakalia, moto wa wastani, na hakugeuza kipande mpaka kiliposhika rangi. Alipovitoa, alifanya anavyofanya kila jioni kabla ya kukabidhi kazi: aligonga kwa ukucha. Ko, ko. Hakuna penye uwazi.

Dada aliuma. Mlio wa ganda ulisikika hadi sebuleni. Akauma tena, akafika mfupani, akaukwangua, na uso wake haukukunjamana hata chembe. Kipusa alikuwa na mafuta mpaka masikioni.

"Nani kakufundisha?"

"Ukuta, dada."

Fundi alijiona mrefu kuliko ngazi yake ya kazini. Lakini dada alinyanyuka, akalivuta begi, akalifungua. Kipusa akaacha kutafuna. Shangazi akatandika gazeti ndani, akaanza kupanga mapaja, moja, mawili, matatu, manne.

"Dada! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nguo," alisema, akifunga zipu. "Kuku sikumtaja. Hawa ni wa shemeji yako."