Chafya Kutoka Brazili

Mume wangu Kipkurui alikuwa mwalimu wa jiografia, na jioni moja aliikata ramani ya dunia kwa mkasi wangu wa kushonea. Nikamfokea. Akacheka tu, akaisukuma Brazili juu ya meza mpaka ikaingia kwapani mwa Afrika.

"Mama Kipkemoi, hii yote ilikuwa shamba moja," akasema. "Kama haingeachana, mtu angetoka hapa Roret aende huko na miguu."

Nikamwambia aanze na miguu hiyo hiyo kupeleka majani chai kituoni kabla lori halijaondoka.

Natamani kugombana naye tena. Alifariki miaka mitatu iliyopita, na mwana wetu Kipkemoi alikwenda Brazili kukimbia mbio, akaoa huko, akakaa huko.

Wiki jana alipata mtoto wa kiume. Kwetu Wakipsigis, mtoto mchanga huitiwa majina ya marehemu wa ukoo wa baba yake. Jina atakalolipigia chafya, mwenye jina hilo ndiye amerudi. Kipkemoi akapiga simu ya video ili nimwitie. Jirani yangu Syprose akanishikia simu. Nilimtaka mtu mmoja tu, na mtu huyo hata bahari hakuwahi kuiona. Angeivukaje?

"Kiplangat," nikaita. Kimya. "Arap Mosonik." Kimya. "Kipkurui." Mtoto akanitazama tu. Nikaendelea. "Arap Tonui."

Chafya.

"Ameshika Arap Tonui," Syprose akasema.

Arap Tonui alikuwa ami yake mume wangu, mlevi aliyeuza ng'ombe wa watu. Nikanyong'onyea.

"Mama, network inachelewa," Kipkemoi akasema. "Huku tulikuwa bado tunasikia Kipkurui."

"Usinionee huruma."

"Basi ita tena. Pole pole."

Nikaita, "Kipkurui," nikafunga mdomo. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Syprose aliacha hata kutafuna. Kwenye kioo, mtoto alikunja pua, akaikunjua, akaikunja tena, nami nikakumbuka jinsi mzee alivyokuwa akikawia kujibu akiitwa kula.

Kisha akapiga chafya, moja kubwa, mpaka miguu ikaruka.

Nililia bila aibu. Halafu nikaisogelea simu.

"Umechoka?" nikamwuliza. "Ni mbali kufika huko na miguu."