Skrubu ya Kumi na Moja

Kama kuna kosa moja ambalo Sista halisamehi, ni mtu kufunga kitu kabla hesabu haijatimia. Miaka ishirini na sita amekuwa nesi wa chumba cha upasuaji, na kazi yake humo ni kuhesabu: pamba ngapi zimeingia, mikasi mingapi, sindano ngapi, na kabla daktari hajashona, zote ziwe zimeonekana. Wanahesabu watu wawili, kwa sauti. Madaktari wakubwa kwa wadogo wamewahi kusimamishwa na huyu mama mfupi mpaka kipande kimoja cha pamba kipatikane. Sasa mtu wa namna hiyo, siku yake ya mapumziko, ukimwambia, "Njoo unishikie tochi nifungue kompyuta," ujue umeyataka mwenyewe.

Aliyeyataka ni mumewe, Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mitatu, akastaafu miezi kumi iliyopita, na tangu hapo nyumba haikaliki. Vijiko kavipanga kwa urefu. Mapazia kayapima, akatangaza kwamba la kushoto limepungua sentimita mbili. Sista akichelewa kurudi kazini dakika tano anaulizwa sababu, bado kidogo tu aambiwe aje na mzazi. Lakini asubuhi, watoto wa shule wakianza kupita na mikoba yao, Mwalimu huacha chai ipoe, akasimama dirishani mpaka apite wa mwisho. Hapo Sista hamtanii. Hujifanya anatafuta viatu.

Wiki iliyopita ikaja simu. Shule moja inayofundisha kwa mtandao ilitaka Mwalimu afundishe somo la majaribio, nusu saa, Ijumaa saa kumi jioni. Wakimpenda, kazi ni yake. Shida ilikuwa hiyo kompyuta. Ukiiwasha, dakika ya kumi haijafika imeshapata moto kama pasi, feni inalia, mara zii, imezima. Fundi wa mtaani alisema aachiwe siku tatu, na alisema hivyo Alhamisi.

"Ni vumbi tu," Mwalimu akasema. "Nitaifungua mwenyewe."

"Makubwa! Na balbu ya bafuni ilikushinda?"

"Balbu ile ilikuwa mbovu."

"Zote tatu?"

Basi Ijumaa saa nane mchana wakakaa mezani, kompyuta imelazwa kifudifudi kati yao. Mwalimu alikuwa ameandaa karatasi yenye lengo la somo, hatua na tathmini. Akalisoma lengo kwa sauti: "Kufikia mwisho wa kipindi, feni itakuwa safi." Sista alitandika kitambaa cheupe, akanawa mikono, akavuta kiti.

"Kila skrubu inayotoka, unaitaja, na mimi naitaja," akasema. "Tusielewane vibaya baadaye."

"Mke wangu, hii si tumbo la mtu."

"Itaje."

Akaitaja. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja, zote ndogo kama punje za mtama, zikapangwa safu juu ya kitambaa. Mfuniko ukatoka. Mwalimu akachomoa waya wa betri kama karatasi yake ilivyosema, na chini ya mwanga wa tochi wakaiona feni, imevaa vumbi zito la kijivu hadi mapanga hayaonekani.

"Ee, masikini," Sista akasema. "Ulikuwa unaitumia kitandani, inavuta vumbi la godoro."

Alimpa mswaki mpya, akamwambia apanguse polepole. Lakini mwanamume na saa ukutani ni watu wawili wasioaminiana. Mwalimu aliona inakaribia saa tisa, akatupa mswaki, akavuta pumzi, akapuliza. Vumbi lote likamrudia usoni. Akapiga chafya moja ya kuamsha mtaa, kiwiko kikakipiga kitambaa, skrubu zikatawanyika meza nzima. Sista alicheka mpaka tochi ikamponyoka.

Feni ikasafishwa, ikang'aa. Zilipokusanywa skrubu, zilikuwa kumi.

"Hatufungi," Sista akasema. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Wakatafuta chini ya meza, kwenye pindo za kanga, ndani ya viatu. Mwalimu alipiga magoti na kuinuka mara nne, kila mara magoti yakilia. Saa tisa na robo. Saa tisa na nusu.

"Sikiliza," akasema, akipangusa jasho. "Kumi kwa kumi na moja ni karibu asilimia tisini na moja. Mtoto akiniletea hiyo nampigia makofi."

"Kwetu asilimia tisini na moja ni mgonjwa kurudi wodini na mkasi tumboni. Kama imedondokea humo ndani, ukiwasha umeiua kompyuta yako."

"Nitachelewa! Unajua watanionaje? Watasema ni mzee, hata kuwasha mashine hajui!"

Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Sista alikwenda kutikisa zulia nje, na aliporudi, mumewe alikuwa anatabasamu, ameshika mfuniko tayari.

"Imepatikana. Hesabu mwenyewe."

Akahesabu. Kumi na moja. Akahesabu tena, kisha akamtazama mhesabuji mwenzake. Mwalimu alikuwa ameweka kidole kimoja kando ya uso, kama mtu anayewaza jambo zito sana.

"Miwani yako ina nini?"

"Haina kitu."

"Toa kidole."

"Nipo tu hivi, nafikiri."

"Toa kidole, Mwalimu."

Akakitoa. Mkono mmoja wa miwani ukaanguka mezani.

"Miaka thelathini na mitatu unawapigia watoto mistari myekundu kwa kunakili majibu," Sista akasema taratibu, "leo wewe ndiye unayeghushi hesabu?"

"Niliogopa," akasema. Akawa mdogo kwenye kile kiti. "Naitaka hii kazi. Sijui kukaa bure, mama. Najaribu, sijui."

Sista alichukua tochi, akainama juu ya kompyuta kama anavyoinama kazini, akaanza kona ya juu na kushuka, sehemu kwa sehemu, bila haraka. Kwenye kona ya chini, imejibanza kwenye sumaku ya spika, ilikuwapo skrubu. Akaitoa kwa kibano cha nyusi.

"Kumi na moja," akasema.

"Kumi na moja," Mwalimu akaitikia.

Wakarudisha waya wa betri, wakafunga. Ya miwani ikarudi kwenye miwani. Saa kumi kasoro dakika nne kompyuta ikawaka, feni ikazunguka kimya, na Mwalimu akamsukumia mkewe nje na kufunga mlango wa sebule.

Sista alibaki amesimama kwenye korido, sikio mlangoni, mtu mzima na heshima zake. Alisikia sauti kavu, ya woga, ikieleza sehemu na namba nzima. Dakika ya kumi ikapita, haikuzima. Ndipo mtoto mmoja huko aliko akasema kwamba nusu ya nane ni tatu.

"Tatu?" Mwalimu akauliza. "Hiyo moja kaila nani? Hebu nionyeshe meno."

Watoto wakacheka, naye akacheka, halafu sauti ikafunguka. Ikapanda, ikashuka, ikatania, ikasubiri, ikasema "ehee, karibu ufike, usikate tamaa." Sista alikaa sakafuni. Sauti ile ndiyo iliyomposa. Hakuwa ameisikia tangu Mwalimu astaafu, na hakujua mpaka dakika ile kwamba alikuwa anaisubiri.

Saa kumi na nusu mlango ukafunguliwa, Mwalimu akakanyaga mguu wa Sista.

"Naanza Jumatatu!" akasema. Kisha akamwona. "Unalia nini huko chini?"

"Nilikuwa na hamu na wewe."

"Hamu na mimi? Miezi kumi sijatoka humu ndani!"

"Najua," Sista akasema. "Miezi kumi yote hiyo, na wewe umo humu humu."

Mwalimu alifungua mdomo amsahihishe, hakuona pa kusahihisha, akaketi naye sakafuni.